Pande mbili na pembe moja: mteja katuma vipimo, vijana wamekata vipande viwili tofauti na vyote viko sahihi

Mkata Bati (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina karakana ndogo ya kuchomelea mageti na madirisha. Mteja alituma ujumbe: "Nikatie pleti ya pembetatu, upande mmoja sm 100, mwingine 60, pembe 30." Mimi nilikuwa site. Vijana wawili pale karakana kila mmoja akachora kivyake na kukata. Mmoja katoa pembetatu ndefu iliyolala, upande wa tatu ni sm 119.8. Mwenzake katoa fupi, upande wa tatu sm 53.4. Nimerudi nimewakuta wanabishana, nikachukua rula na kipimapembe nikapima mwenyewe. Zote mbili zina 100, zina 60, na zina kona ya nyuzi 30. Hakuna aliyekosea.

Swali langu: ni lini vipimo vinatosha kutoa pembetatu moja tu, na ni lini havitoshi? Msiniambie "ongea na mteja", ujumbe nimeshamtumia nasubiri ajibu. Nataka kuelewa kitu chenyewe, ili oda ikiingia kwenye simu nijue kama nianze kukata au nimpigie kwanza.

Nawasilisha.

Nondo Kumi na Sita

Mteja alipe zote mbili, biashara iishe 😂

Kokoto

Mkuu, hilo haliwezekani. Pande mbili na pembe moja zinatosha, hii tulifundishwa kidato cha pili kabisa. Mmoja wa vijana wako kapinda kipimo. Pima tena.

Mkata Bati (mleta mada)

Nimepima mbele yao, mkuu. Njoo karakana upime na wewe.

Chaki Nyeupe

Mleta mada, swali lako ni zuri kuliko majibu uliyopata mpaka sasa. Nafundisha hesabu, na hapa ndipo wanafunzi wanapoteza alama kila mwaka.

Pembetatu ina vitu sita: pande tatu na pembe tatu. Ukipewa vitatu, mara nyingi vilivyobaki vinajileta vyenyewe. Mara nyingi, siyo kila mara. Nitatumia U kwa upande na P kwa pembe, na herufi zinafuatana kama unavyokutana navyo ukiizunguka pembetatu. U-P-U ni pembe iliyokaa katikati ya hizo pande mbili. U-U-P ni pembe iliyo kwenye kona nyingine, siyo pale pande hizo mbili zinapokutana.

Kokoto anachokikumbuka ni U-P-U, na kwa hiyo yuko sahihi kabisa. Ukikunja mikono miwili ya urefu unaojulikana kwa pembe inayojulikana, umbali kati ya ncha zake hauna hiari. Ila vijana wa mleta mada hawakuchora hivyo. Wote wawili waliweka nyuzi 30 mkabala na upande wa 60.

Chukua bikari ujionee. Chora mstari mrefu wa kulala, huo ni msingi. Kwenye ncha yake ya kushoto, ipe jina A, pima nyuzi 30 na chora mkono unaopanda. Kwenye mkono huo pima sm 100, weka alama C. Sasa upande wa 60 lazima uanzie C ushuke mpaka ukutane na msingi. Wapi? Hujui, kwa sababu hakuna aliyekuambia unashuka kwa pembe gani. Unachojua ni urefu tu. Kwa hiyo chomeka bikari pale C, ifungue 60, zungusha. Tao litaukata msingi mara mbili, mara moja ukiwa umeelekea nyuma upande wa A, mara ya pili ukiwa umeelekea mbele. Kijana mmoja kachukua alama ya karibu, mwingine ya mbali.

Kutoka C mpaka kwenye msingi kwa njia iliyonyooka chini kabisa ni 100 × sini ya 30, yaani 50. Hiki ndicho kimo, na ndicho kinachoamua kesi nzima. Bikari ikifunguliwa 40 haifiki chini, hakuna pembetatu. Ikifunguliwa 50 kamili inagusa mara moja tu, unapata pembetatu moja yenye pembe mraba. Kati ya 50 na 100 unapata mbili. Ikifika 100 tao linapita palepale A, ambapo hapatoki pembetatu, na kukata sehemu moja nyingine, kwa hiyo inabaki moja. Zaidi ya 100 ile alama ya nyuma inavuka A na kuangukia upande ambao pembe siyo tena 30, ni 150. Inabaki moja.

Ujumbe wa mteja wako uko kati ya 50 na 100.

Kokoto

Dah. Nimechora. Mwalimu heshima yako, naondoa kauli.

Mwanakidato

Shikamoo mwalimu. Kikokotoo changu kinaleta jibu moja tu. Nimetumia kanuni ya sini (upande ukiugawa kwa sini ya pembe iliyo mkabala nao, jibu ni lilelile kwa pande zote), nimepata sini ya pembe ya pili ni 100 × 0.5 ÷ 60 = 0.8333, nikabonyeza nikapata nyuzi 56.44. Hiyo pembetatu nyingine iko wapi?

Chaki Nyeupe

Marahaba. Kikokotoo kinakupa pembe kali (chini ya nyuzi 90) peke yake, hakina habari na karatasi yako. Sini ya 56.44 na sini ya 180 kutoa 56.44, yaani 123.56, ni namba ileile. Kwa hiyo kila ukipata pembe kwa kanuni ya sini, chukua na mwenzake, halafu uijaribu: ukiijumlisha na pembe uliyopewa, je bado kuna nafasi ya pembe ya tatu chini ya 180? 123.56 + 30 = 153.56, inabaki 26.44, kwa hiyo pembetatu ya pili ipo.

Jaribu na 120 mkabala na nyuzi 30 badala ya 60. Utapata 24.62, mwenzake ni 155.38. Ongeza 30, inapita 180. Mwenzake anakataliwa, inabaki moja. Na ukijaribu na 40, kikokotoo kitaandika kosa kwa sababu sini inatoka 1.25. Hakijaharibika, kinakuambia upande haufiki chini.

Mwanakidato

Na kama pembe yenyewe ni butu, yaani zaidi ya 90?

Chaki Nyeupe

Hapo kazi ni rahisi. Pembetatu haibebi pembe butu mbili, na upande mkubwa hukaa mkabala na pembe kubwa. Ukipewa pembe butu au pembe mraba, upande ulio mkabala nayo lazima uwe mrefu kuliko ule mwingine uliopewa. Ukiwa mrefu, pembetatu ni moja. Usipokuwa, hakuna. Hakuna mbili hapo. Ndiyo maana ile kanuni ya pembe mraba, upande ulio mkabala nayo na upande mwingine mmoja, mnayoikariri darasani kama kanuni ya pekee, inafanya kazi: nayo ni U-U-P, ila imeangukia mahali salama.

Hesabu ni Utamu

Mwalimu Chaki naomba niongeze njia ambayo naona ni safi zaidi, maana kanuni ya sini inaficha mambo. Tumia kanuni ya kosini na uite upande usiojulikana x:

60² = 100² + x² − 2 × 100 × x × kosini 30

Ukipanga unapata x² − 173.2x + 6400 = 0. Ni mlinganyo wa kawaida wa kipeo cha pili, majibu ni 119.8 na 53.4. Hivyo vipande vya karakana vilivyolala pale ni majibu mawili ya mlinganyo mmoja. Huna haja ya kukumbuka kesi yoyote: hesabu tu majibu yaliyo makubwa kuliko sifuri. Mawili chanya, pembetatu mbili. Moja chanya, moja. Hakuna, hakuna.

Nondo Kumi na Sita

Natoka kucheka naingia kusoma. Mleta mada, mimi nimeona kitu kibaya zaidi. Ujumbe wa mteja haukusema 30 iko mkabala na 60. Inaweza kuwa katikati. Inaweza kuwa mkabala na 100.

Hesabu ni Utamu

Sawasawa kabisa mkuu. Ikiwa katikati ya 100 na 60, upande wa tatu ni 56.6. Ikiwa mkabala na 100, upande wa tatu ni 147.4, na hapo ni moja tu kwa sababu 100 ni kubwa kuliko 60. Ujumbe mmoja, pembetatu nne: 53.4, 56.6, 119.8 na 147.4. Karakana ingekuwa na vijana wanne mngemaliza pleti yote.

Mkata Bati (mleta mada)

Mteja kajibu. Anasema 30 ni kona ya chini, 100 ndiyo inapanda kutoka hapo, 60 inashuka upande wa pili, na chini "ni kama mita na kitu". Kwa hiyo ni ile ndefu, 119.8. Ila sasa nimenogewa, endeleeni. Pande tatu bila pembe, hiyo je, ina mtego?

Chaki Nyeupe

U-U-U haina mtego wa aina hiyo. Sharti lake ni moja: pande mbili zozote ukizijumlisha zizidi ya tatu. Kwa 20, 30 na 60 mikono miwili haitakutana hata ukiivuta vipi. Sharti likitimia, pembetatu ni moja, unachoweza kufanya ni kuigeuza tu kama shati ndani nje. Kwa kukata pleti haina shida, unaigeuza mezani. Ila kama upande mmoja umeshapakwa rangi au una maua, mwambie mteja aseme inaelekea wapi.

Msingi Imara

Hii sisi wa ujenzi tunaijua bila kwenda shule. Kamba ya 3, 4, 5 ikishavutwa, kona ya msingi ni mraba, hakuna haja ya kupima pembe. Na kwenye kenchi ni hivyohivyo. Ukipigilia mbao nne ukaacha hivyo, umbo linayumba upande wowote. Weka ya tano ikatize kona kwa kona, zinakuwa pembetatu mbili na hazisogei tena. Geti lisilo na ule mshazari baada ya muda linainama upande wa komeo.

Mzee wa Maktaba

Hilo sharti la pande mbili kuzidi wa tatu lina kisa cha zamani. Euclid, Mgiriki aliyeandika vitabu vya jiometri, alilithibitisha kwenye kitabu chake cha kwanza, hoja ya 20, miaka kama 300 kabla ya Kristo. Proclus, mwanafalsafa aliyekuja baadaye, anasimulia kwamba wafuasi wa mwanafalsafa Epicurus walimcheka, wakasema hata punda anajua: weka majani upande wa pili, uone kama atazunguka kona. Jibu la Proclus lilikuwa kwamba kuona kitu ni kweli na kueleza kwa nini ni kweli ni kazi mbili tofauti.

Na angalieni mpangilio wake. U-P-U ni hoja ya 4, U-U-U ni ya 8, upande mmoja na pembe mbili ni ya 26, zote katika kitabu cha kwanza. U-U-P haimo humo. Inakuja kuguswa katika kitabu cha sita, hoja ya 7, ambako anazungumzia pembetatu zinazofanana, na hata hapo ameifunga kwa sharti la ziada kuhusu pembe iliyobaki kuwa kali au la. Aliuona mtego wa karakana ya mleta mada.

Theodolaiti

Nimefanya kazi ya upimaji ardhi, naomba nisemee pembe mbili na upande mmoja, maana hiyo ndiyo ilikuwa mkate wetu kabla ya satelaiti. Kupima urefu porini ni taabu, kuna mito, mabonde, misitu. Kupima pembe kutoka kilima hadi kilima ni rahisi. Kwa hiyo unapima mstari mmoja wa msingi kwa uangalifu mkubwa, unasimama ncha zote mbili, unasoma pembe ya kilima cha tatu. Pembetatu imekwisha kujulikana, pande zake mpya zinakuwa misingi ya pembetatu zinazofuata. Mwanahesabu Snellius alianza hivyo Uholanzi mwaka 1615. Huku kwetu mnyororo wa pembetatu wa longitudo ya 30 ulitoka Afrika Kusini, ukapita Tanganyika na Uganda hadi Misri, ukakamilika 1954.

Sharti ni kwamba pembe mbili zisifike 180 zikijumlishwa, vinginevyo mistari haikutani. Na lazima ujue upande uko wapi. "Pembe 40, pembe 60, upande 10" ni pembetatu tatu tofauti, kutegemea 10 iko mkabala na 40, na 60, au na 80 iliyobaki. Ukishajua mahali pake, imebaki moja.

Ila nitoe onyo kwa mleta mada ambalo vitabu havilitilii mkazo. Pembetatu kuwa moja tu hakumaanishi ni salama kukata. Turudi kwenye nyuzi 30 na 100. Upande wa mkabala ukiwa 50 kamili, pembetatu ni moja, upande wa tatu ni 86.6. Sasa kijana akikosea akafanya 51, sentimita moja tu, alama za bikari zinahama 10 mbele na 10 nyuma: unapata 96.7 au 76.6. Akikosea kwenda 49, hapati kitu. Tao linapogusa msingi kwa kuupapasa tu, kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa kwenye kipande. Ndiyo maana sisi tulizikimbia pembetatu nyembamba, tukapenda zile ambazo pembe zake zinakaribiana.

Mwanakidato

Pembe tatu je? Mimi nadhani ukijua zote tatu umemaliza.

Kokoto

Hapana kijana, hapo nimejifunza. 50, 60, 70 inaweza kuwa kwenye stempu na inaweza kuwa kwenye uwanja wa mpira. Umbo unalo, ukubwa huna.

Theodolaiti

Kwenye karatasi ndiyo. Kwenye tufe siyo. Simama Kayabwe, Uganda, pale mstari wa ikweta unapokatiza barabara ya Masaka. Nenda moja kwa moja kaskazini hadi ncha ya dunia, geuka nyuzi 90 kulia, shuka hadi ikweta tena, utaangukia karibu na ghuba ya Tomini, Indonesia. Rudi Kayabwe kwa kufuata ikweta. Pembe tatu, zote ni mraba, jumla 270. Na pembetatu yenye pembe hizo juu ya tufe la dunia ina ukubwa mmoja tu: moja ya nane ya uso wote. Huko pembe tatu zinatosha.

Nondo Kumi na Sita

Mimi nilikuja kucheka jamani.

Dada wa Kipeo

Wakuu nimewasoma wote. Nawapa fumbo, maana naona mmeshajiamini. Kuna pembetatu mbili. Pembe zote tatu za ya kwanza ni sawa na pembe zote tatu za ya pili. Halafu pande mbili za ya kwanza zina urefu uleule na pande mbili za ya pili. Vitu vitano kati ya sita vinalingana. Je, ni lazima ziwe pembetatu moja?

Kokoto

Hapa sasa sidanganyiki. Ni moja. Pembe tatu na upande mmoja tu tayari ni P-U-P, upande kati ya pembe mbili.

Msingi Imara

Naungana na Kokoto. Vitano kati ya sita, cha sita kitatoka wapi?

Hesabu ni Utamu

Subirini kidogo, kuna kitu kinanukia hapa.

Dada wa Kipeo

Pembetatu ya kwanza: 8, 12, 18. Ya pili: 12, 18, 27.

Kila upande wa ya pili ni mara 1.5 ya upande wa ya kwanza, kwa hiyo zinafanana umbo na pembe zote ni sawa: karibu 20.7, 32.1 na 127.2. Zote zina 12 na zina 18. Na siyo pembetatu moja, ya pili ni kubwa. Siri iko kwenye nafasi. Kwenye ya kwanza 12 iko mkabala na pembe ya katikati, kwenye ya pili 12 iko mkabala na pembe ndogo. Kokoto, P-U-P inataka upande ukae mahali palepale.

Kokoto

Nafunga simu, naenda kulala.

Mwanakidato

Dada, mbona umetumia 1.5? Ingekuwa mara 2 si namba zinakuwa rahisi, 8, 16, 32?

Dada wa Kipeo

Jaribu kuichora. 8 na 16 ni 24, haifiki 32, lile sharti la punda. Ili mchezo uende, uwiano lazima uwe chini ya 1.618 kama unaongezeka, au juu ya 0.618 kama unapungua, na usiwe 1 kwa sababu hapo pande zote zinakuwa sawa na pembetatu zako ni moja kweli. Chagua uwiano wowote humo ndani, pembetatu za aina hii haziishi.

Mkata Bati (mleta mada)

Nauliza la mwisho. Kuna mwingine kanitumia pande mbili, 10 na 12, na eneo la kipande, 30. Hakuna pembe kabisa. Hiyo inakatika?

Hesabu ni Utamu

Eneo ni nusu ya 10 × 12 × sini ya pembe iliyo kati yao. 60 × sini = 30, sini ni 0.5. Kwa hiyo pembe ni 30 au 150. Upande wa tatu ni 6.0 au 21.3. Mbili tena mkuu, mpigie.

Mwanakidato

Na eneo lingekuwa 60 ingekuwa moja, ya pembe mraba! Na 65 haipo!

Chaki Nyeupe

Kijana umeiva. Mleta mada, muulize mteja wako kama kona kati ya 10 na 12 ni kali au butu, ukijibiwa anza kukata.